Okidi ya Nchi ya Jua Kali

Wanangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na hakuna mtoto aliyetokea ndani ya boga. Ni hadithi ya mche mmoja, na yote nitakayowaambia ni kweli. Mche wenyewe una mambo ya ajabu kumshinda sungura, kwa hiyo kaeni vizuri.

Tuanze na nchi. Ukiondoka Karatu mjini ukashuka kuelekea Mang'ola, masikio yanaziba kwa ule mteremko na joto linaongezeka kila unapokata kona. Nyuma yako umeacha Mlima Oldeani na misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro, ambako mawingu hulala juu ya miti. Mbele yako limefunguka Bonde la Ufa: Ziwa Eyasi lenye magadi, migunga, mibuyu, mikoche, na vumbi linaloingia hadi kwenye kope. Pepo za mvua hutoka upande wa mashariki, Bahari ya Hindi. Zikigonga ile milima hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, na zikipoa humwaga maji yake kule juu. Zinapofika upande wetu zimekwisha kukauka. Ndiyo maana mtu wa msituni huvaa koti asubuhi na mtu wa Mang'ola hutafuta kivuli, nao ni majirani. Kama si zile chemchemi zinazobubujika chini ya miti mikubwa na kumwagilia mashamba, vitunguu vya Mang'ola vinavyopakiwa kwenye malori mpaka Nairobi visingekuwapo.

Sasa mwulize mtu yeyote okidi zinakaa wapi. Atakuonyesha kule juu kwenye ukungu. Hajakosea sana. Ukoo wa okidi ni mkubwa mno, una aina karibu 28,000 duniani, na nyingi kati ya hizo huishi juu ya matawi ya miti katika misitu yenye joto na unyevu. Watu huzisingizia kwamba zinanyonya mti. Hazinyonyi. Zinakaa tu juu ya tawi, mizizi ikiwa nje, zinakunywa mvua na umande, na mti hauchukuliwi kitu.

Lakini wapo ndugu wa ukoo huo huo waliochagua kuishi ardhini, na wachache miongoni mwao wakaamua kuishi pale ambapo hata nyasi hujiuliza mara mbili: kwenye mawe, kwenye vichaka vya miiba, mahali penye mvua chache na jua lisilo na huruma. Mmoja wao ndiye mwenye hadithi ya leo. Kwa jina la kitaalamu ni Eulophia petersii. Nchi yake inaanzia Saudia na Yemen, inashuka kupitia Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, na kuishia Afrika Kusini. Popote penye vichaka vikavu, mawe na joto, kama huku kwetu bondeni, ndipo panapomfaa.

Jina lake limetokana na Wilhelm Peters, Mjerumani aliyezunguka Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya wanyama na mimea. Mwaka 1865 Mjerumani mwenzake, Heinrich Gustav Reichenbach wa Hamburg, aliyekuwa bingwa wa okidi kwa wakati wake, ndiye aliyeueleza mche huu kitaalamu na kuupa jina hilo. Wachungaji waliokuwa wakipita kando yake kila siku hawakungoja mwaka huo ili wauone, bila shaka.

Au pengine walipita bila kuuona! Maana mche huu, usipokuwa na maua, una namna ya kupotea machoni. Mnaujua mkonge-pori, ule unaoota kwa mafungu chini ya migunga, majani manene, magumu, yenye ncha inayochoma. Wamaasai huuita oldupai, na lile bonde maarufu la Oldupai, kule Mary na Louis Leakey walikochimbua mabaki ya watu wa kale, limepewa jina la mche huo kwa jinsi ulivyojaa pale. Okidi yetu hupenda kuota kwenye mafungu ya mikonge-pori, na majani yake yanafanana nayo hasa: manene, magumu, yamesimama, kijani chenye vumbi. Unaweza kufunga mbuzi hatua moja kutoka ilipo, ukaja kumfungua jioni, na usijue umekuwa karibu na okidi kutwa nzima.

Kwa hiyo jifunzeni kuitambua bila ua. Kujua mche kwa ua lake ni rahisi, kila mtu anaweza. Mama wa Kihadzabe akienda porini na mti wake wa kuchimbia hangoji maua. Anaona ujiti wa mtambaazi umekauka kati ya mawe, anajua chini yake kuna kiazi, na anajua ni kiazi gani. Macho ya namna hiyo ndiyo ninayotaka muwe nayo.

Inama basi kwenye fungu la mkonge-pori. Chagua jani, upitishe kidole pembeni mwake polepole, kwenda na kurudi. La mkonge-pori ni laini pembeni, na mara nyingi lina mstari mwekundu wa kahawia ukingoni. La okidi lina meno. Ni madogo sana, macho yanaweza kuyapita, lakini kidole hakidanganyiki: upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwaruzwa. Ukishasikia ule mkwaruzo, sogeza majani makavu na utazame chini, pale jani linapoanzia. Mkonge-pori unaingia ardhini moja kwa moja. Okidi haiingii. Majani yake yanatoka juu ya shina fupi lililovimba, la kijani au la njano, lenye mifereji kutoka juu hadi chini, limekaa juu ya udongo wala halijazikwa. Kando yake kuna lingine kama hilo, na kando ya hilo kuna lingine, yameshikana chini kwa shina linalotambaa.

Hiyo mivimbo ndiyo ghala. Mvua inaponyesha, okidi inanyonya haraka na kujaza maji na chakula humo. Ukame ukija, inatumia akiba kidogo kidogo. Gusa mvimbo wakati wa masika, umejaa na mgumu. Rudi mwishoni mwa kiangazi, umenywea na mifereji yake imeingia ndani. Kwa kawaida kila msimu wa kukua mche hutoa mvimbo mpya mbele ya ule wa zamani. Mpya ndio unaobeba majani mabichi. Ya zamani hudondosha majani yake lakini haifi mara moja, inabaki pale inalisha wadogo zake kwa miaka. Ukihesabu mivimbo kwa mstari utapata kukisia umri wa ule mche, na huenda ukakuta umekuwapo porini kabla wewe hujazaliwa.

Majani nayo yana siri. Kila jani lina vitundu vidogo mno vya kupitishia hewa. Mimea mingi hufungua vitundu hivyo mchana ili kuvuta kabonidayoksaidi ya kutengenezea chakula. Shida ni kwamba vikifunguliwa, maji nayo hutoka. Mahindi ya Karatu yanaweza kumudu hasara hiyo kwa sababu udongo wa kule una unyevu. Huku bondeni, saa nane mchana, kufungua vitundu ni kujimaliza. Kwa hiyo mimea kama mkonge-pori, katani, nanasi, na pia okidi nyingi za sehemu zenye ukame, hufanya kazi hiyo usiku. Giza likiingia na hewa ikapoa, inafungua, inavuta kabonidayoksaidi na kuiweka ndani ya jani kama asidi. Jua likichomoza inafunga kabisa, kisha mchana kutwa inatumia ile akiba ya usiku pamoja na mwanga wa jua kutengeneza chakula. Watu wa zamani huko nje waligundua kwamba baadhi ya majani mazito huwa machachu yakionjwa asubuhi na kupoteza uchachu jioni. Ile asidi ilikuwa imeliwa na mchana. (Msijaribu kuonja majani msiyoyajua, wanangu. Porini yapo yanayoua.)

Mizizi ya okidi nyingi, hata za ardhini, imevikwa ngozi nyeupe yenye vyumba vitupu. Tone la maji likiigusa hunyonywa papo hapo. Mvua za Mang'ola mara nyingine ni za dakika chache, zinakuja na kelele na kuondoka. Mche usioweza kunywa kwa haraka hulala na kiu.

Tuje kwenye ua, maana najua mmelingoja.

Mche ukishakuwa na nguvu ya kutosha, pembeni mwa mvimbo mpya huchomoza kikonyo. Kinapanda na kupanda. Kinapita majani, kinapita mikonge-pori yote, na kinaweza kufika mita 2 na zaidi, kinampita mwalimu wenu kwa urefu. Kwa juu hutoa matawi, na kwenye matawi maua yanafunguka kuanzia chini kwenda juu, machache kwa wakati, kwa muda mrefu. Ua lenyewe ni la sentimita chache. Sepali na petali zake ni za kijani kilichochanganyika na zambarau ya kahawia, na ncha zimejikunja kurudi nyuma. Katikati kuna petali moja tofauti na zote, tunaiita mdomo: nyeupe, ina mistari iliyoinuka ya rangi ya zambarau au waridi, na nyuma yake kuna kifuko kifupi. Mtu aliyezoea okidi za dukani, kubwa na za kung'aa, atasema hili ni ua la kawaida. Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Lisogelee mpaka pua iguse, ulitazame kwa utulivu, ndipo useme.

Na ukilitazama kwa utulivu, angalia pia kile kijiti chembamba kinachoshika ua na tawi. Kimejisokota. Ua la okidi likiwa bado tumba, mdomo wake upo juu. Kabla ya kufunguka, kijiti kile hujisokota nusu duara na kuligeuza ua zima, ili mdomo uje chini na kuwa kiwanja cha mdudu kutua. Kila ua moja hujigeuza lenyewe. Chukua muda kutafuta tumba ambalo bado halijamaliza kugeuka. Ukilipata umeona jambo ambalo watu wazima wengi hawajaliona.

Mdudu anayetua hapo ni nani? Kwa ndugu wa okidi yetu, Eulophia speciosa, wataalamu wa Afrika Kusini wamemwona akiwa kazini: ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa maboriti ya nyumba na kuangusha unga wa mbao. Wanajulikana huku kwetu, nanyi mmeshawakimbia mara nyingi, ingawa hawana ubaya. Nyuki wa namna hiyo ana nguvu. Anatua kwenye mdomo, anasukuma kichwa ndani kutafuta asali, na hapo juu ya mgongo wake kuna kitu kinamngoja.

Mimea mingi hutawanya chavua kwa punje punje. Ukigusa ua la alizeti vidole vinakuwa vya njano. Okidi haifanyi hivyo. Chavua yake yote imebanwa kuwa vidonge, na kwenye jenasi ya Eulophia viko viwili, vya njano, vimeunganishwa na mkanda mdogo wenye gundi kwa chini. Vimefichwa kwenye nguzo iliyo katikati ya ua, chini ya kofia ndogo. Nyuki akirudi nyuma kutoka, gundi inamshika, kofia inaanguka, na vidonge vinaondoka naye. Akiingia ua lingine, vidonge vinabanwa mahali penye utomvu, na ua hilo limepata mimba ya mbegu. Mzigo wote umesafirishwa mara moja. Hakuna kilichopotea njiani, lakini pia hakuna nafasi ya pili: mdudu akipotea, chavua yote ya ua hilo imepotea.

Mnaweza kujionea. Chukua ujiti wa nyasi kavu, uusukume taratibu ndani ya ua, ukigusa upande wa juu, kisha uuvute. Ukibahatika, kwenye ncha utaona vile vidonge viwili vimesimama. Usivitupe! Vipeleke kwenye ua la mche mwingine, uvibonyeze kwenye kile kishimo chenye utomvu chini ya nguzo. Umefanya kazi ya nyuki.

Kazi hiyo hiyo, alipoifanya mtoto mmoja, ilibadilisha biashara ya dunia. Vanila, ile inayotiwa kwenye keki na aiskrimu, na ambayo siku hizi inalimwa Kagera, Uganda na Zanzibar, ni tunda la okidi. Asili yake ni Meksiko. Wafaransa waliipanda kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi, ikastawi na kuchanua lakini haikuzaa, kwa kuwa wadudu wake walibaki kwao. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alichukua kijiti chembamba, akainua kiwambo kinachotenganisha sehemu mbili za ua, akabonyeza kwa kidole gumba, na ua likazaa. Mpaka leo wakulima wa vanila huchavusha kwa mkono, ua kwa ua, kwa namna ya Edmond. Yeye aliachiwa huru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa kwenye makoloni ya Ufaransa, na alifariki maskini mwaka 1880, wakati wengine walikuwa wametajirika kwa ujuzi wake. Ninapoona chupa ya vanila dukani huwa namkumbuka, na nataka nanyi mmjue.

Nirudi kwa nyuki wetu, maana sijamaliza habari yake. Je, baada ya kubebeshwa mzigo, alipata asali? Mara nyingi hakupata kitu. Okidi nyingi za jenasi ya Eulophia hazina asali. Zina rangi, zina umbo, zina mistari inayoonyesha njia ya kuingilia, na ndani hamna kitu. Inakadiriwa kwamba theluthi moja hivi ya okidi zote duniani huishi kwa udanganyifu wa aina hii. Nyuki mjinga hudanganywa maua mawili matatu, kisha anajifunza na kuhamia kwenye mche mwingine. Ndiyo sababu maua mengi kwenye kikonyo hunyauka bila kushika tunda. Okidi inayaweza maisha hayo kwa kuwa haihitaji matunda mengi. Linatosha moja likiiva vizuri.

Kwani ndani ya tunda hilo moja kuna nini? Linaning'inia kwenye tawi kwa miezi, kijani, kisha kahawia, kisha siku moja kavu linapasuka kwa mipasuko ya kutoka juu hadi chini. Likitikiswa na upepo linatoa kitu mtakachodhani ni vumbi. Ni mbegu. Tunda moja la okidi lina maelfu ya mbegu, na kwa aina nyingine zinafika milioni na kupita. Ni nyepesi kiasi cha kuchukuliwa na upepo mbali kabisa, kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine.

Lakini wepesi huo una gharama. Pasua punje ya haragwe: zile sehemu mbili nene ni chakula ambacho mama ameufungia mche mchanga uanzie maisha. Mbegu ya okidi haina chakula cha maana. Ni mtoto aliyetumwa safari ya mbali bila masurufu. Ikianguka kwenye udongo mzuri, ikapata maji na jua, bado haioti.

Kwa miaka mingi watu wa Ulaya walijaribu kupanda mbegu za okidi na kushindwa, wakiona mbegu nzima, zenye uhai, zinakaa tu. Mwaka 1899 kijana Mfaransa, Noël Bernard, akiwa kwenye utumishi wa jeshi, alikuta msituni miche michanga ya okidi ya ardhini iliyokuwa inaanza kuota. Alipoichunguza kwa hadubini aliona kila mche ndani yake umejaa nyuzi za kuvu. Hapo ndipo kitendawili kilipoteguka. Kuvu ni jamaa wa uyoga. Wengi wao huishi ardhini kama nyuzi nyembamba wakiozesha majani makavu na vijiti. Uzi wa kuvu huingia ndani ya mbegu ya okidi, na mbegu, badala ya kuliwa, inaula ule uzi. Inapata sukari na madini humo. Kijimea kile kisicho na jani wala mzizi kinaishi hivyo gizani kwa miezi, hata miaka kwa baadhi ya aina, mpaka kitoe jani la kwanza na kuanza kujitegemea. Kwa hiyo kati ya maelfu ya mbegu zilizopeperuka, inayofanikiwa ni ile iliyoangukia mahali penye kuvu inayoifaa, penye kivuli cha kutosha, na mvua ikaja kwa wakati. Zilizobaki zimekwisha.

Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa safi, juu ya rojo lililotiwa sukari na madini, bila kuvu. Zile okidi za kuuzwa mnazoziona mjini, kwenye hoteli na maduka ya maua, nyingi zimeanzia ndani ya chupa namna hiyo. Hakuna aliyelazimika kwenda porini kuzing'oa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo wanaong'oa. Mtu anauona mche, anaupenda, anaufukua, anaupanda uani kwenye kopo, anaumwagilia kila asubuhi kwa mapenzi yote, na mizizi inaoza. Umeachana na mawe yake na kuvu yake, na sasa unanyweshwa maji usiyoyataka. Huo mche ulikuwa na mivimbo ya miaka kadhaa.

Kusini mwa nchi yetu hali ni mbaya zaidi. Huko Makete, Njombe na Mbeya kuna okidi za ardhini za aina nyingine, za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, zenye viazi vidogo chini ya udongo. Nchini Zambia viazi hivyo hukaushwa, husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na pilipili, na hupikwa kuwa chakula kinachokatwa vipande, kiitwacho chikanda. Ni chakula cha siku nyingi, na watu wanakipenda kweli. Zambia ilipoanza kuishiwa okidi zake, wafanyabiashara walivuka mpaka wa Tunduma, na viazi vya okidi kutoka nyanda zetu za juu vikaondoka kwa magunia, mamilioni kwa mwaka. Kila kiazi kilichochimbwa ni mche uliokufa. Sehemu ya jibu ilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, hifadhi iliyowekwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mkijaliwa kufika, nendeni wakati wa mvua. Na okidi zote duniani, hata hii yetu ya vichakani, zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, ule wa CITES: kwa kawaida hakuna ruhusa ya kuzivusha mpaka bila kibali.

Huku bondeni okidi haichimbwi kwa ajili ya chakula. Hatari yake ni nyingine: kichaka kufyekwa. Shamba jipya la vitunguu likianzishwa, mikonge-pori hung'olewa na kuchomwa, na okidi iliyokuwa katikati yake huungua bila aliyewasha moto kujua kwamba ilikuwapo. Siwalaumu wakulima, vitunguu ndivyo vinavyowalipia ninyi ada na sare. Ila ningependa mtu akifyeka afahamu anachokifyeka, na fungu moja la mkonge-pori pembeni mwa mawe, mahali ambapo hata jembe halipiti, likiachwa halipunguzi gunia hata moja.

Basi mkiwa mnachunga, au mnatoka shule, tazameni kwenye mafungu hayo. Mkiikuta, msing'oe wala msivunje kikonyo. Andikeni kwenye daftari: tarehe, mahali, kijiji, na njia ya kufika. Iko chini ya mti gani? Mivimbo mingapi, na mingapi ina majani? Ina maua, ina matumba, au ina matunda? Mdudu gani ametua mkiwa mnatazama, na alikaa kwa muda gani? Mwenye simu apige picha tatu: mche mzima, ua kwa karibu likitazamwa kutoka mbele, na ile mivimbo ya chini. Mpelekeeni mwalimu wa baiolojia, naye anaweza kuwasiliana na Hebaria ya Taifa iliyopo Arusha, ambako mimea iliyokaushwa ya Tanzania nzima imehifadhiwa kwenye makabati pamoja na tarehe na mahali ilipopatikana. Na kikonyo mkipime kuanzia ardhini, si kuanzia kwenye majani, tena mtu mmoja ashike futi na mwingine asome.